Mtoto Asemaye Atakuwa Daktari: Kupanga Shughuli za Kumwandaa Tangu Shule ya Msingi

Kila mwaka wanachuo wetu waendapo mazoezi ya kufundisha katika shule za Tunduma, Vwawa na vijiji vya Momba, aghalabu huwapa wanafunzi wa Darasa la Tano au la Sita insha yenye kichwa kile kile kilichozoeleka: "Nitakapokuwa Mkubwa". Watoto huandika kwa bidii. Wengi huandika kwamba watakuwa madaktari. Madaftari husahihishwa kwa kalamu nyekundu, makosa ya herufi kubwa na nukta huonyeshwa, kisha madaftari hurudishwa na jambo huishia hapo. Ni nadra mno mwanachuo kumwuliza mtoto aliyeandika hivyo: je, unaijua njia?

Katika makala haya tunakusudia kueleza njia hiyo ilivyo katika nchi yetu, na kuonyesha ni shughuli zipi mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuzipanga ili mtoto huyo asiachwe na ndoto tupu. Hatuandiki kwa ajili ya shule zenye maabara na mabasi ya ziara. Tunaandika kwa ajili ya shule yenye ubao, ua, kisima au bomba, na mwalimu mwenye saa.

Kwanza yafaa tutambue mahali mtoto anapoanzia. Katika shule moja ya mjini Tunduma, mwanachuo wetu aliliuliza darasa daktari hufanya nini kutwa. Alipata majibu matatu: huchoma sindano, huvaa koti jeupe, na hukaa Mbeya. Jibu la tatu liliwachekesha walimu, lakini si la kuchekesha sana. Hospitali ya Rufaa ya Kanda iko Mbeya, na mtoto huyo alikuwa amekwisha kuona wagonjwa wa nyumbani kwao wakipelekwa huko. Alisema alichokiona. Ni wajibu wetu kumwongezea mengine ya kuona.

Njia yenyewe

Hapana budi mwalimu aijue njia hii kwa hakika, maana mwalimu asiyeijua huishia kusema "soma kwa bidii", na maneno hayo mtoto amekwisha kuyasikia kwa mama yake.

Katika Tanzania, mtu huingia chuo kikuu kusomea udaktari moja kwa moja baada ya Kidato cha Sita. Hutakiwa awe amesoma na kufaulu Fizikia, Kemia na Biolojia, masomo ambayo kwa pamoja ni tahasusi ijulikanayo kwa herufi tatu, PCB. Viwango vya alama hutolewa katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, nao hurekebishwa mara kwa mara; kwa hiyo mwalimu asikariri alama za mwaka fulani akazifanya msahafu, bali autafute mwongozo wa mwaka uliopo. Masomo ya shahada ya udaktari huchukua miaka 5, kisha hufuata mwaka 1 wa utarajali katika hospitali, ndipo mtu aweze kusajiliwa kuwa daktari kamili.

Vyuo vifundishavyo shahada hiyo leo ni vingi kuliko watu wengi wadhanivyo. Kilianza kimoja, Dar es Salaam, mwaka 1963, ambacho baada ya kupitia majina kadhaa kilifanywa mwaka 2007 kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Viko pia Moshi, Mwanza, Dodoma, Ifakara na kwingineko. Na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina chuo chake cha afya mjini Mbeya, safari isiyozidi asubuhi moja kwa basi kutoka Tunduma. Tunalitaja hili makusudi, kwa kuwa mtoto wa mpakani hudhani kila kilicho kikubwa kiko mwisho wa reli ya TAZARA.

Hesabu ya miaka yafaa ifanywe ubaoni na watoto wenyewe. Mtoto wa miaka 11 anayeanza Darasa la Tano, kwa utaratibu wa shule ya msingi ya miaka 7, amebakiwa na miaka 3, sekondari hadi Kidato cha Nne ni miaka 4, Kidato cha Tano na cha Sita ni 2, chuo kikuu 5, utarajali 1. Jumla ni miaka 15. Atakuwa na umri wa miaka 26, kama hakuna mwaka uliopotea. Darasa hunyamaza kidogo lionapo jumla hiyo. Ni vyema linyamaze. Kisha mwalimu aweke hesabu ya pili kando ya ile ya kwanza. Mhitimu wa Kidato cha Nne aliyefaulu Kemia, Biolojia na Fizikia aweza kuingia chuo cha kati cha afya, akasoma stashahada ya utabibu kwa miaka 3, akaanza kazi ya tabibu akiwa na miaka 21 hivi. Na tabibu aliyefanya vizuri katika stashahada yake anaruhusiwa kuomba nafasi ya kusomea shahada ya udaktari. Kwa mzazi mwenye shamba dogo la kahawa Mbozi, au mama auzaye mchele sokoni, tofauti ya hesabu hizi mbili ni kubwa, na ni haki yake kuzijua zote mbili.

Mlango ufungwao kimya kimya

Tukiulizwa ni wapi watoto wengi hupotea katika njia hii, hatutajibu kwamba ni chuo kikuu. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamekuwa wakiacha Fizikia na Kemia mara baada ya Kidato cha Pili, wakati wa kuchagua masomo ulipowadia. Mtoto wa miaka 15 au 16 huliacha somo kwa sababu ni gumu, au kwa sababu rafiki zake wameliacha, au kwa sababu shule haina mwalimu wake. Hakuna amwambiaye kwamba siku ile ameufunga mlango wa udaktari, na wa utabibu pia. Huja kugundua baadaye, akiwa ameshika matokeo mazuri ya masomo yasiyohitajika huko aendako. Wasichana ndio tuwaonao zaidi katika hali hiyo, na si kwa upungufu wa akili.

Sasa, mwanachuo aweza kusema: hayo ni ya sekondari, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ugumu wa Fizikia na Kemia huanzia Darasa la Nne, kwenye sehemu, desimali, uwiano na vipimo. Mtoto asiyejua nusu ya robo ni ngapi hawezi kuielewa Kemia hata afundishwe na nani. Huanzia pia kwenye lugha, kwa kuwa sekondari atafundishwa kwa Kiingereza. Nasi ndio tunaomfundisha sehemu, na ndio tunaompa Kiingereza cha kwanza.

Je, shughuli zina alama mlangoni?

Hapa kuna jambo lisemwalo vibaya na vijana wengi, hasa wale waliosoma habari za nchi za nje. Katika Marekani udaktari husomewa baada ya kumaliza kwanza shahada nyingine, kwa kawaida ya miaka 4. Mwombaji hutazamwa alama zake na mtihani maalumu wa kuingilia, lakini pia huulizwa ametumiaje miaka hiyo: amejitolea wapi, amefuatana na daktari gani kazini, ameshiriki utafiti gani, na nani atamwandikia barua. Kwa hiyo wanafunzi wa huko hupanga shughuli zao tangu mwaka wa kwanza wa chuo, mihula yote, wakizihesabu saa.

Kwetu hali haiko hivyo. Mlango wetu hutazama matokeo ya mtihani. Mtoto aliyekuwa mwenyekiti wa klabu ya afya haongezewi hata alama moja katika Fizikia.

Walakini nchi yetu nayo imepata kujaribu kupima kitu kingine zaidi ya mtihani. Azimio la Musoma la mwezi Novemba 1974 liliweka sharti kwamba mhitimu wa Kidato cha Sita afanye kazi kwanza, si chini ya miaka miwili, ndipo aombe nafasi ya chuo kikuu. Tena aje na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la Chama kuhusu tabia na moyo wake wa kazi. Nia ilikuwa njema: kwamba atakayesomeshwa kwa jasho la wakulima awe ameonyesha kwanza kwamba anaweza kuwatumikia. Upungufu ulijitokeza haraka. Wasichana walipungua vyuoni, sharti likalegezwa kwao. Na katika miaka ya 1980 utaratibu wote uliachwa. Sisi hatuoni kwamba swali lililoulizwa Musoma lilikuwa baya. Lilikuwa swali sahihi lililowekwa mahali pagumu, yaani mwishoni, mtu akiwa na miaka zaidi ya ishirini, na jibu lake likaandikwa kwa barua. Mahali pa kulijibu polepole ni shule ya msingi.

Kutokana na hayo tunapata kipimo cha kupangia shughuli. Kwa kuwa klabu haina alama mlangoni, shughuli ifaayo ni ile inayomjenga mtoto kwa masomo yatakayoulizwa, au inayomfunza mwenendo wa kazi yenyewe. Na iliyo bora hufanya yote mawili. Shughuli isiyofanya hata moja, kama vile kuwavika watoto makoti meupe na kuwaimbisha mbele ya mgeni rasmi, iachwe.

Kuhesabu pumzi

Tutaeleza shughuli mbili kwa urefu, maana tumeziona zikifanyika na zina mengi ndani yake.

Ya kwanza ni kuhesabu pumzi. Mhudumu wa zahanati apokeapo mtoto mchanga mwenye kikohozi, huhesabu mara ngapi kifua chake kinapanda kwa dakika moja nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi miaka 5, ni pumzi 40 au zaidi. Hakuna mashine hapo. Kuna saa, jicho na hesabu. Mwambie mwanafunzi wa Darasa la Sita kwamba uhai wa mdogo wake huweza kuangukia kwenye tofauti kati ya 38 na 44, uone atakavyoshika kalamu.

Darasani, wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja ahesabu pumzi za mwenzake kwa dakika nzima, mwalimu akishika saa. Waandike. Kisha warudie mara ya pili na ya tatu. Watagundua kwamba majibu hayalingani, na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Baadhi watakuwa wamekosea kuhesabu. Wengine watakuwa wamehesabu sawasawa, ila yule anayehesabiwa amebadili pumzi zake kwa kuwa anajua anatazamwa! Waulize watafanyaje ili asijue. Wauguzi wanao ujanja wao: humshika mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba wanahesabu mapigo ya moyo, huku macho yako kifuani. Wape watoto nafasi ya kuufikia ujanja huo wenyewe kabla hujawaambia.

Baadaye wakimbie kuuzunguka uwanja, wahesabu tena. Matokeo yaandikwe katika jedwali; wastani utafutwe; grafu ya nguzo ichorwe. Mwanachuo ataona kwamba kwa shughuli hii amefundisha takwimu za somo la Hisabati, mfumo wa upumuaji wa somo la Sayansi, na uaminifu wa kuandika namba uliyoiona badala ya uliyoitaka. Iandikwe katika azimio la kazi kama kipindi halali, isionekane kuwa mchezo wa Ijumaa.

Kijiko, chupa na sehemu

Shughuli ya pili yatokana na maradhi ya kuhara, ambayo mji wa mpakani wenye watu wengi wapitao hauwezi kuyapuuza. Mgonjwa wa kuhara hupoteza maji na chumvi, na dawa ya kwanza ni kumrudishia. Zahanati hutoa pakiti za ORS, nazo ndizo za kutumiwa, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu ya pakiti. Pasipo pakiti, wakati wa kumpeleka mgonjwa zahanati, hutumika lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazishwa.

Leta darasani chupa tupu za maji ya kunywa, zile zinazotupwa stendi na kando ya foleni ya malori. Utapata za nusu lita, za lita moja na za lita moja na nusu. Sasa uliza: mama ana chupa ya lita moja na nusu, ataweka sukari vijiko vingapi na chumvi kiasi gani? Jibu ni vijiko 9 na robo tatu ya kijiko. Tumeona darasa zima likibishana juu ya robo tatu hiyo kwa dakika kumi. Katika kitabu cha kiada swali la namna hiyo hujibiwa kwa kuchoka; hapa walibishana kwa sababu walijua kwamba chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa. Na kijiko cha kurundika je? Wapime kwa maji ya bomba na mchanga mkavu badala ya sukari na chumvi, ili mwalimu asiingie gharama na watoto wasinywe dawa wasiyoihitaji. Washike kijiko kilichorundikwa na kilichosawazishwa, walinganishe. Kemia ya Kidato cha Tatu imekwisha kuanza.

Kusikiliza, na kutunza siri

Daktari husikiliza kabla ya kupima, na mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una lugha nyingi. Mtoto wa Tunduma aweza kusema Kinyamwanga nyumbani, Kinyiha kwa shangazi, Kiswahili shuleni, na kesho Kiingereza sekondari. Walimu wengi huyahesabu haya kuwa mzigo. Sisi twayaona kuwa mali, mradi yapangiwe kazi. Mtume mwanafunzi kwa bibi au babu yake akamwulize kwa lugha ya nyumbani juu ya ugonjwa aliopata kuugua: ulianza lini, ulianzaje, uliuma wapi, ulitibiwaje. Arudi aandike kwa Kiswahili sanifu aya mbili. Huo ndio mwanzo wa kuchukua maelezo ya mgonjwa. Kando yake awe na kadaftari ka maneno ya viungo vya mwili, kila neno kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maneno matatu kwa juma, si zaidi.

Ziara ya zahanati ni jema, lakini moja kwa mwaka yatosha. Barua ipitie kwa Mwalimu Mkuu kwenda kwa mganga mfawidhi, siku ichaguliwe isiyokuwa ya kliniki ya watoto, na kikundi kiwe kidogo. Mambo mawili yasisitizwe kabla ya kuondoka shuleni. La kwanza, hakuna kugusa sindano, pamba wala chupa iliyotumika. La pili, yule jirani utakayemkuta pale amekaa kwenye benchi, hukumwona. Mtoto akirudi mtaani akatangaza kwamba mama fulani alikuwa zahanati, amevunja amana ya kazi hiyo kabla hajaianza. Tunashauri kwamba mwalimu asimrudishe tena mwaka ule mtoto wa namna hiyo, na amweleze sababu.

Vipingamizi vya mahali petu

Tunduma ina kishawishi chake. Mtoto abebaye mzigo mdogo kuuvusha kwenda Nakonde hupewa fedha saa ile ile. Udaktari hulipa baada ya miaka 15. Si haki kumlaumu mtoto kwa kuijua tofauti hiyo. Kinachoweza kufanyika ni kuziweka shughuli zetu katika siku ambazo soko humwita zaidi, ili shule nayo iwe na jambo la kumwita. Mpaka huo huo waweza kuwa zana ya kufundishia. Mwezi Mei 2020, Zambia ilipofunga kwa muda mpaka wa Nakonde kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, mji mzima ulijifunza kwamba afya ya upande mmoja ni riziki ya upande wa pili. Watoto waliokuwa wadogo wakati huo wana kaka na dada wanaokumbuka. Waulizwe.

Kuhusu wasichana tutasema machache lakini wazi. Msichana akisema atakuwa daktari, asijibiwe "au nesi". Uuguzi ni kazi ya heshima, lakini yeye hakuutaja. Mzazi aitwe, aelezwe masomo matatu yanayohitajika, na aombwe saa moja ya jioni ambayo binti hatachota maji wala kupika. Na ikiwa masomo yake yatakatishwa na mimba, mwalimu akumbuke kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi wa namna hiyo kurejea shuleni. Wazazi wengi vijijini hawajalisikia hilo kwa mwalimu.

Juu ya ratiba hatuna maneno mengi. Mvua za Januari hadi Aprili zafaa kwa kuchunguza madimbwi, mazalia ya mbu na usafi wa maji. Juni na Julai, baridi na vikohozi vinapoanza huku nyanda za juu, ni wakati wa kuhesabu pumzi. Ila wakati huo pia mahindi huvunwa na mahudhurio hupungua, basi usianze jambo jipya. Kipindi kimoja kwa juma chatosha. Kikundi kiwe wazi kwa kila atakaye, hata asiyeongoza darasani, kwa sababu mtoto wa Darasa la Tano ambaye ni wa ishirini leo si lazima awe wa ishirini Kidato cha Nne. Tena tabibu, muuguzi na fundi wa maabara hutoka humo humo.

Mwanafunzi amalizapo shule ya msingi, mwalimu amwandikie mzazi barua fupi ya Kiswahili chepesi. Itaje jina la mtoto, kazi anayoitaka, masomo ya Fizikia, Kemia na Biolojia pamoja na Hisabati na Kiingereza, na sentensi moja isemayo kwamba masomo hayo yasiachwe wakati wa kuchagua kabla ya kuzungumza na mwalimu. Nakala moja ibaki katika jalada la shule, na nyingine apewe mtoto mwenyewe aipeleke kwa mwalimu wa darasa wa Kidato cha Kwanza, siku ya kwanza ya kuripoti.